Vidonge vya Mashavu

Jumatatu, 7 Agosti 1995

Ndoo tatu na nusu. Bomba lilitoa maji kabla ya jua, likakauka nikiwa kwenye ndoo ya nne. Nilipanga mstari nyuma ya wanawake ishirini. Wananiita Dokta. «Dokta, pita mbele, bagonjwa banakungojea!» Wakacheka. Sikucheka. Chuo cha Lubumbashi kimefungwa tangu mwezi wa tatu, nami nimerudi Likasi na masanduku mawili: nguo katika moja, daftari katika jingine. Miaka mitatu ya udaktari. Nateka maji.

Baba yuko uani. Amevaa ovaroli ya kazi na hana kazi. Anaivaa kila siku, anakaa kwenye kigoda, anasubiri king'ora cha kiwanda ambacho siku hizi kinalia kikitaka. Leo amerudia tena habari ya tanuru. Alilichunga tanuru la shaba miaka ishirini na miwili. Siku makaa yalipokosekana lilizimika lote kwa mara moja, na matofali ya ndani yakapasuka. «Furu habazimishake mara moja,» anasema. Furu ndilo tanuru, kiloko ni kidogo. «Unaishusha kiloko kiloko, siku mingi. Ukiizimisha mara moja, umeiua.» Nimesikia mara mia. Leo niliondoka kabla hajamaliza.

Yaya Clémence, dada yangu mkubwa, amerudi kutoka Kakontwe na beseni tupu. Anawauzia wavunja mawe mikate ya kukaanga. Kwenda kwa miguu, kurudi kwa miguu. Mifupa ya shingo inahesabika. Bombani kuna mwanamke alimwuliza mbele ya watu wote: «Clémence, juu ya nini unakonda vile? Haiko ile ugonjwa?» Ile. Kila mtu anajua ni ipi. Yaya alitabasamu. Mimi ningemmwagia ndoo.

Mchumba wake anafanya kazi Kakanda. Katikati ya mwezi wa tisa shangazi wa mchumba atakuja kumtazama. Ndivyo wanavyosema: kumtazama. Kama mbuzi.

Jumatano, 9 Agosti

Yaya amenunua vidonge sokoni. Vidogo, vyeupe, vimefungwa katika karatasi ya daftari. Wanawake wanaviita mashavu. Unameza, mashavu yanajaa, watu wanasema kwenu kunaliwa. Mchuuzi alimpa kibandiko cha kopo aje anionyeshe.

«Weye njo ulisoma. Ni muzuri?»

Nilikuwa na kitabu mkononi. Nikasoma jina: deksamethazoni. Nilifurahi kulitambua. Nikasema ni dawa nzuri ya hospitali, inawaokoa watu walioshindwa kupumua. Kweli tupu. Nikarudi kwenye ukurasa wangu.

Jumapili, 27 Agosti

Mashavu yamekuja. Uso wa Yaya umekuwa wa duara kama wa mtoto anayenyonya. Kanisani walimshangilia. Aliimba sauti ya kwanza, akawafunika wote. Nyumbani anakula bukali, yaani ugali, wa watu wawili, kisha anakwangua sufuria. Mama anampa sehemu yake mwenyewe na anafurahi, kana kwamba unga umeongezeka. Unga ni ule ule.

Nina wivu. Niandike tu, hakuna atakayesoma. Yeye anacheka, mimi nina njaa na hasira tangu mwezi wa tatu. Leo nimemrushia Mama maneno kwa ajili ya chumvi. Chumvi! Kisha nikaenda nyuma ya nyumba kulia kwa ghadhabu. Moyo unakwenda mbio na hakuna anayenifukuza. Tezi zangu zinafanya kazi kuliko kiwanda kizima.

Ijumaa, 8 Septemba

Yaya halali. Kila nikiamka namkuta amekwisha fua, hata nguo zilizokuwa safi. Anazungumza upesi, anaanza habari tatu, hamalizi hata moja. Anamwambia Mama atafungua mgahawa Kakontwe, kisha mwingine Kakanda, kisha ataninunulia chuo kizima. Dakika kumi baadaye analia kwa sababu kuku wa jirani amemwangalia vibaya.

Leo nilisogeza beseni lake nipate kupita. Alinipiga kofi. Yaya, aliyenibeba mgongoni, aliyeniachia shule ili ada ya mmoja itoshe. Hajawahi kunigusa. Baada ya kofi alibaki anauangalia mkono wake kama si wake.

Shavu bado linawaka. Namchukia leo. Namwogopa pia.

Jumamosi, 9 Septemba

Nimefungua daftari la mwaka wa pili. Sura ya tezi. Nimesoma kurasa nne.

Hatari inapokuja, ubongo unatuma neno kwa tezi mbili ndogo zilizokaa juu ya figo. Tezi zinamwaga homoni, kortisoli. Inapanda na damu hadi kichwani na kukaa katika vipokezi vyake. Vingine kati ya vipokezi hivyo vina kazi moja: kusema tumesikia, inatosha, acheni. Ndiyo breki. Bila breki hiyo mwili ungeungua kwa hofu.

Kidonge cha Yaya ni ndugu wa homoni hiyo, ila kina nguvu mara nyingi zaidi. Kinakaa katika vipokezi vile vile. Kinamletea njaa. Kinamnyima usingizi. Kinampa furaha isiyo na sababu, kisha hasira isiyo na sababu. Kofi la jana lilitoka katika karatasi ya mchuuzi. Na ubongo haujui kwamba kuna mchuuzi. Unadhani ni tezi zinazomwaga kiasi hicho, unaziambia acheni. Zinaacha. Wiki baada ya wiki zinasinyaa, zinasahau kazi.

Chini ya ukurasa, kwa mwandiko wangu, wino mwekundu, mistari miwili: KAMWE USIKATISHE GHAFLA. Katika mtihani huo nilikuwa wa pili darasani.

Nilijua. Hilo ndilo linaloniunguza. Elimu ilikuwa humo kichwani, imekaa vizuri, kama sahani za wageni kabatini. Dada yangu alisimama mbele yangu na sikuinua macho kutoka kwenye kitabu. Sikumwuliza hata ngapi kwa siku.

Sasa najua. Alianza na viwili. Siku hizi ni vinane.

Jumanne, 12 Septemba

Nimemwambia Yaya. Vibaya. Nilianza kwa sauti ya juu na kumalizia kwa sauti ya juu zaidi. Nilisema ashuke kimoja kila siku tatu, mimi nitamsimamia.

«Shangazi anakuya siku ya Yenga,» akasema, yaani Jumapili. «Nimupokee na mifupa? Nitaacha kisha.»

Nikamwambia kisha itakuwa vigumu zaidi. Akasimama, mikono kiunoni, uso umevimba, mzuri kwa namna ya kutisha.

«Weye njo ulisema ni dawa ya muzuri. Nilikuwa mifupa, ilikuwa muzuri. Sasa nimenona, imekuwa mubaya? Ni wivu, mudogo yangu. Ni wivu tu.»

Ningeweza kujibu kama asingekuwa amesema kweli. Meno yanauma kwa kuyasaga.

Nimejiuliza jambo baya. Kama furaha yake ya mwezi wa nane ilikuwa kidonge, hasira yangu ni nini? Miezi sita ya njaa, ndoo, mlango wa chuo uliofungwa. Homoni ile ile, bila mchuuzi. Basi mimi ni nani chini yake? Baba ni nani, pale kwenye kigoda? Maswali yenyewe yamenikasirisha pia.

Jumapili, 17 Septemba

Imekwisha. Shangazi amekuja na amekwenda.

Mama alipika sombe, majani ya muhogo, kwa mafuta ya mwisho. Shangazi ni mwanamke mkubwa, mwenye mzaha. Aliingia, akamshika Yaya kidevu, akakigeuza huku na huku. «Eh! Hapa banakula! Huyu ni bibi ya muntu ya kazi.» Watu wote wakacheka, hata Baba. Kisha akatazama chini. Vidonge hivyo vinajaza uso na tumbo, miguu vinaiacha. «Lakini sasa, mama, kichwa ni ya ng'ombe, miguu ni ya kuku. Mutengenezaji alikosa nini?»

Ulikuwa mzaha. Yaya wa zamani angeujibu, angemshinda. Yaya huyu alichukua sahani ya sombe akaimwaga yote juu ya kikwembe cha mgeni. Kitambaa kipya. Kisha akacheka. Kisha akalia. Kisha akasema sufuria inamwita kwa jina.

Shangazi alisimama polepole. Hakupiga kelele. «Hii haiko muntu,» akamwambia Mama. «Hii ni kintu.» Akaondoka na mafuta yakimdondoka hadi barabarani.

Mama akanigeukia. Kwa mara ya kwanza tangu nirudi hakunitania. «Weye ulisoma. Yaya yako iko na nini?»

Nilifikiri kwa Kifaransa, récepteur, kipokezi, nikatafuta neno la kwetu ili aelewe upesi. Nikasema: «Mama, alipokea kintu haiko yake. Imejaa mu kichwa. Inapashwa kutoka, kiloko kiloko.»

Mama alikaa chini. Akafunika mdomo kwa mkono. «Hata weye umeona,» akasema.

Nilidhani amenielewa. Nikashukuru.

Jumatatu, 18 Septemba

Nimerudi kutoka bombani, nyumba tupu. Mama amempeleka Yaya kwa Maman Régine.

Maman Régine ana chumba cha maombi nyuma ya soko la Kikula. Wanafunga siku tatu, bila chakula, bila maji, hadi pepo atoke. Baba alikuwa uani, aliwaona wakiondoka. Alinionyesha choo kwa kidole. Mama alivimwaga vidonge vyote shimoni, akiimba.

Nimeelewa nikiwa nimesimama na ndoo kichwani. Kupokea. Kanisani kwetu neno hilo lina maana moja tu. Mtu anapokea Roho, au anapokea pepo. Mimi ndiye niliyemwambia Mama kwamba Yaya amepokea kitu kisicho chake na lazima kitoke. Kiloko kiloko hakuisikia. Nani anamtoa pepo kiloko kiloko?

Mara mbili sasa. Mara ya kwanza nilisema dawa ni nzuri, ikawa kweli. Mara ya pili nilisema amepokea, ikawa kweli. Kila ninapofungua mdomo nasema kweli na dada yangu anazama zaidi. Nimevunja mtungi. Makusudi. Haukunisaidia.

Jumatano, 20 Septemba

Jana walinizuia mlangoni. Leo nimeingia kwa nguvu.

Chumba cha bati, joto kama ndani ya sufuria. Wanawake sita wanaimba. Yaya yuko kwenye mkeka. Uso bado wa duara lakini umekuwa wa majivu. Anatapika maji ya njano, tumboni hamna kingine. Nikamshika mkono: baridi, umelowa. Mapigo membamba, ya haraka, yanateleza chini ya kidole. Nilijaribu kumkalisha, macho yakapinduka akazimia mikononi mwangu.

«Pepo inaanza kuchoka,» akasema Maman Régine.

Nilitaka kumchukia vizuri. Siwezi. Anafunga pamoja na wagonjwa wake, midomo yake imepasuka, sauti imekauka. Alimpangusa Yaya matapishi kwa kitambaa cha kichwa chake mwenyewe. Hachukui kitu. Anaamini. Hilo limenitia hasira kuliko kama angekuwa mwizi.

Nikapiga kelele. Nikasema tezi zimelala, nikasema kortisoli, nikasema atakufa kesho. Nilisema kwa Kifaransa zaidi na zaidi, kwa sababu huko ndiko maneno yangu yanakokaa. Wakaacha kuimba. Wakanitazama mikono inavyotetemeka, mate mdomoni.

«Huyu naye alipokea,» mmoja akasema taratibu.

Wakanizunguka. Mikono kichwani, mabegani, mgongoni. Nikawasukuma. Nikamkanyaga mtu. Mama alikuwa ukutani na hakuinua macho. Wakanitoa nje, bila ubaya, kama unavyomtoa mbuzi jikoni. Maman Régine akasema kutoka mlangoni: «Binti yangu, hasira yako njo inafungulia ile kintu mulango. Ukitulia utakuya.»

Yuko sahihi kuhusu hasira. Nimekaa hapa ukutani mwa soko naandika kwenye karatasi ya mikate. Moyo unapiga mpaka masikioni. Damu yote iko miguuni na mikononi, tayari kupigana au kukimbia, na kichwani haikubaki ya kufikiria. Mwili wangu umeandaliwa kwa chui. Hapa hakuna chui. Kuna mlango na wanawake sita wema.

Siku ya tatu bila kidonge. Fikiri. Fikiri.

Alhamisi, 21 Septemba

Nitaandika kwa utaratibu.

Asubuhi nilikwenda kwa mchuuzi wa vidonge. Sikuwa na kitu cha kumpa. Nilikuwa na koti langu jeupe la chuo, lililopigwa pasi, jina langu limeshonwa kwa uzi wa bluu. Alilipima begani, akatazama mishono. Akanihesabia vidonge mia mbili katika karatasi.

Vidonge mkononi, na mlango umefungwa kwangu.

Nikarudi nyumbani. Baba uani, kwenye kigoda, ovaroli. Nilisimama mbele yake. Nilikuwa nimejiapiza nisiseme kupokea, wala kipokezi, wala neno lolote la daftari. Nilivuta pumzi mara nne. Sauti ikatoka chini, nikaishangaa.

«Baba, mu mwili ya Yaya iko furu. Mbili, ndogo, juu ya figo. Zinamupa nguvu ya kuamuka, ya kusimama. Wiki sita ile vidonge ilikuwa inaleta moto ya inje. Furu zake zikalala, moto ilikuwa mingi. Sasa siku ya Yenga ilikuwa mwisho. Bakakata moto ya inje mara moja.»

Aliacha kutikisa mguu.

«Na zake hazijawaka?»

«Hazijawaka. Inaomba wiki mingi.»

«Habakushusha kiloko kiloko?»

«Habakushusha.»

Baba alisimama. Sikumbuki mara ya mwisho kumwona akisimama hivyo, mwili wote pamoja. Alichukua kinga yake, ile baiskeli nyeusi ya kwendea kazini, akapuliza vumbi kwenye kiti. «Leta maji,» akasema. «Na sukari kama iko.»

Kwa Maman Régine alivua kofia. Hakupaza sauti. Mimi nilikuwa nyuma yake nimeuma ulimi, kweli kweli, hadi damu.

«Mama,» akamwambia Maman Régine, «miye sikatale sala. Musali. Lakini mutoto atasaliwa ku nyumba, na atakunywa.»

Mama akaja mlangoni, akaukinga kwa mikono miwili. «Baba Clémence, siku ya tatu ilipita jana tu, pepo iko mulangoni! Ukimubeba sasa, itarudia!»

«Irudie,» akasema Baba. «Itanikuta.»

Alimwinua Yaya peke yake. Uso ule mzito, na mwili haukuwa na uzito. Tukamweka nyuma ya kinga, Baba akasukuma, mimi nikamshikilia kiuno. Hospitalini hatukwenda, serumu, maji ya dripu, hakuna, mji mzima unajua. Kwenye ukuta wa kwanza wenye kivuli nikasema tusimame. Nikaponda vidonge vinne katika kikombe, maji, sukari, chumvi kidogo. Alitapika. Nikaponda vingine viwili. Nikampa kwa kijiko, tone baada ya tone, Baba amekishika kichwa chake kwa viganja vile vilivyokomaa kwa moto. Vikabaki.

Nyumbani tulimlaza kwenye mkeka wa Mama. Jua lilikuwa bado juu alipofumbua macho. Akatazama dari, akanitazama mimi, akasema: «Iko bukali?»

Nilitoka nje nikatapika mimi.

Ijumaa, 22 Septemba

Hai. Mapigo mia na kumi. Amekunywa uji mara tatu. Mama hasemi nami. Anapika uji, anautia chumvi kama nilivyomwambia Baba, anauacha mlangoni, anaondoka.

Jumapili, 1 Oktoba

Baba ameandika ratiba mlangoni kwa chokaa. Mistari ya kushuka, kama pale kazini. Hataki maelezo ya daftari. Asubuhi anauliza: «Tuko wapi?» Sita. «Tushuke?» Bado, Baba, kesho kutwa. Anatikisa kichwa, anakubali. Kila tunaposhuka anakaa karibu na Yaya mchana kutwa, anamsikiliza anavyopumua, kama alivyosikiliza tanuru.

Yaya anaumwa viungo vyote. Analia bila sauti. Furaha yote imeondoka na ile yake ya zamani haijarudi, yuko katikati, hana kitu. Naelewa ni nini, naweza kukichora. Hakumpunguzii maumivu hata kidogo kwamba naweza kukichora.

Kutoka Kakanda wametuma neno. Hapana. Yaya alisikia amelala, akageukia ukuta.

Na leo kanisani Mama amesimama akashuhudia. Mtoto wangu alifungwa, akafunguliwa kwa maombi. Makofi. Vigelegele. Maman Régine alilia kwa furaha. Nilitoka katikati ya wimbo. Nilipiga teke ukuta wa kanisa, sasa kidole kimevimba. Hakuna aliyesema Baba. Hakuna aliyesema kinga, wala koti langu, wala chokaa mlangoni.

Jioni Mama alipita karibu nami na sufuria, hakusimama. «Leo ni tano, ao ni sita?» akauliza, anatazama sufuria.

Sita, nikasema.

Alhamisi, 19 Oktoba

Mwuza nyama wa sokoni amevaa koti langu. Damu ya mbuzi hadi kwenye viwiko. Jina langu kifuani. «Dokta!» wanawake wa bomba wakamwita, wanakufa kwa kicheko, mmoja akanitazama kwa jicho la pembeni. Nilitegemea hasira. Ilikuja, ikasimama, nikaisikia kifuani, mahali pake hasa. Nikaihesabia pumzi. Ikakaa. Si kwamba imekwisha. Nasema tu kwamba niliiona ikija.

Yaya: vidonge viwili.

Jumamosi, 4 Novemba

Mvua ya tatu ya msimu. Udongo mwekundu unanata miguuni.

Robo ya mwisho ya kidonge ilikuwa juzi. Jana hakuna, leo hakuna, na amesimama mwenyewe asubuhi. Baba alifuta mlango kwa kitambaa chenye maji. Kisha alivua ovaroli akaifua. Inaning'inia uani, amevaa suruali ya zamani, anaonekana mdogo.

Yaya ametaka kwenda Kakontwe. Nikaenda naye. Amekonda tena. Mifupa ya shingo ile ile. Bombani wakamwita: «Clémence, mashavu ilienda wapi?» Akajibu bila kusimama: «Niliazima tu, mwenyewe aliomba nimurudishie!» Wakacheka wote naye. Mimi pia. Sauti yake ilikuwa yake.

Njiani, mbele kidogo ya machimbo, nilimwambia. Nilikuwa nimeyabeba maneno tangu mwezi wa tisa na yalitoka mafupi.

«Yaya, ile siku ulinionyesha karatasi ya kopo. Sikuinua macho.»

Aliruka dimbwi la maji mekundu.

«Najua,» akasema. «Kama ungeinua, ungeona naogopa.»

Hakusema kwa ubaya. Akarekebisha kata kichwani. Nikamwomba beseni, akanipa. Zamu yangu.

Mikate iliisha mapema. Tumerudi kabla ya mvua. Sasa amelala mchana, kwenye mkeka, mdomo wazi, na Mama amepita mara mbili kumfunika miguu. Mvua inapiga bati. Nimeushika mkono wake nikahesabu mapigo dakika nzima. Sabini na mbili. Nimehesabu tena. Sikuwa na shaka.